Filta Ndani ya Nailoni: Jinsi Nilivyompeleka Shangazi Ubatizoni

Wenzangu wa kikundi cha Jumatano, mmenipigia simu, mmenitumia ujumbe, na wawili mmefika hadi kwangu kuulizia ile picha niliyoweka stetasi. Mwanamume wa suti ya kanisani amesimama mbele ya gari langu lililofunguliwa boneti, ameinua nailoni juu kama mtu aliyekamata panya, na mimi pembeni nimeficha uso. Kusimulia kwa simu kumenichosha, maana kila nikifika kwenye nailoni mnacheka na mimi nasahau nilipoishia. Basi nimekaa niandike. Mchekee kwenu.

Mnajua nilifundisha sayansi kimu hadi nikastaafu, na mnajua vitu vyangu hudumu. Rimoti ya televisheni yangu bado imo kwenye nailoni iliyotoka nayo dukani. Godoro la wageni nalo limo kwenye nailoni yake, na mgeni akilalamika kwamba linapiga kelele usiku namshauri ageuke polepole. Kisichofunikika nakiosha. Kwa akili hiyo hiyo niliingia kwenye mambo ya gari.

Safari ilikuwa ya ubatizo. Mwanangu Lusajo anaishi Mlandege, Iringa mjini, na mkewe Neema. Wamepata binti, wakaamua aitwe Subilaga, jina la shangazi yangu, dada wa marehemu baba. Shangazi Subilaga hakujaliwa mtoto. Ametulea sisi, amepika kwenye misiba yetu na harusi zetu, lakini hakuna mtoto hata mmoja katika ukoo aliyewahi kupewa jina lake, na yeye hakuwahi kulitaja jambo hilo. Lusajo alipompigia kumpa habari, na kwamba Shangazi mwenyewe ndiye atakayesimama kuwa msimamizi wa ubatizo, aliuliza, "Kwani majina yamewaishia?" Halafu akalia.

Tatizo ni kifua. Shangazi ana pumu, na vumbi likimwingia hukohoa mpaka ashike ukuta. Miaka mingi hajavuka Uyole, pale Mbeya mjini inapoishia. Alitaka kukataa kwenda, nami nikamwambia mbele ya majirani, "Shangazi, gari langu lina AC. Naweka filta mpya. Tutafunga vioo kuanzia hapa mpaka mlangoni pa kanisa, hutavuta hata punje ya vumbi." Alinitazama muda mrefu, akasema sawa, kama wewe ndiye umesema.

Mbeya mpaka Chimala, nikijisifu

Kwa wasio na gari, nieleze kidogo. Gari langu lina filta mbili za hewa. Moja iko chini ya boneti, mafundi huiita ea klina, nayo huchuja hewa inayoingia kwenye injini. Nyingine ni filta ya AC. Imejificha nyuma ya droo ya dashibodi, na kazi yake ni kuchuja hewa tunayovuta sisi tuliokaa ndani.

Siku moja kabla ya safari nilizishughulikia zote mbili mwenyewe. Ea klina ilikuwa ya karatasi iliyokunjwakunjwa, imegeuka kahawia kwa vumbi. Sikuona sababu ya kuitupa. Nikailoweka kwa sabuni ya unga, nikaisugua kwa brashi ya nguo, nikaisuuza mara tatu, nikaianika kambani na vibanio. Jua la Mbeya mnalijua. Kufika jioni ilikuwa bado na unyevu, nikairudisha hivyo hivyo nikiamini joto la injini litamalizia kazi. Ile ya AC nilinunua mpya. Ilikuwa nyeupe, safi, ndani ya nailoni yake, nikaihurumia kuichafua siku ya kwanza tu. Nikaipachika na nailoni yake. Siwafichi, nilijiona nimewazidi akili hata waliolitengeneza gari.

Jumamosi asubuhi tukaondoka, Shangazi mbele, amevaa sweta na vitenge viwili, kitabu cha nyimbo mapajani. Nyuma tulikuwa na chupa ya chai ya maziwa, maandazi, na ndizi za kuchemsha zilizofungwa kwenye kitambaa. Kulikuwa na baridi ile ya kwetu, kwa hiyo hakuna aliyeihitaji AC, na mimi nikawa naimba tu. Shangazi alifurahi kila kitu. Alisalimia milima. Alihesabu makanisa.

Tuliposhuka Chimala joto la bonde la Usangu likatupokea. Nikawasha AC, feni ikanguruma vizuri sana, nikatulia. Hewa sikuisikia, lakini nikajisemea Usangu ni Usangu, hata mashine inazidiwa.

"Hii hewa yenu huanza saa ngapi?" Shangazi akauliza.

"Imeshaanza, Shangazi. Hizi za kisasa ni za taratibu."

"Haya," akasema, akavua sweta.

Ubaruku, kwenye mashine ya mpunga

Tulikunja kwenda Ubaruku kwa sababu binamu yangu Anyosi alikuwa ametuwekea mpunga wa sherehe. Alituambia umeshakobolewa. Tulipofika tukaukuta uko kwenye foleni, na mbele yake kuna watu sita ambao nao walikuwa wameambiwa wao umeshakobolewa. Umeme ulikuwa umekatika, ukarudi, ukakatika tena. Hakuna aliyekasirika. Kila umeme uliporudi watu walishangilia, mashine ikaanza kuunguruma, na pumba zikaruka hewani mpaka jua likabadilika rangi.

Kivuli kilikuwa kimoja tu, ubavuni mwa jengo la mashine, karibu na bomba linalotemea pumba. Nikaegesha hapo. Nikamwambia Shangazi asitoke kwa ajili ya kifua, nikamfungia vioo vyote, nikaacha injini inawaka ili AC imhudumie, nikaenda zangu kwenye mizani kupiga soga na Anyosi. Kutoka kule nilikuwa namwona Shangazi anapunga kitabu cha nyimbo usoni, nami nikampungia mkono kwa furaha. Nilidhani ananisalimia. Baadaye nikadhani anafukuza nzi.

Ilipita zaidi ya saa nzima. Niliporudi na gunia nilimkuta amelowa jasho kuanzia kilemba, na kioo cha upande wake ameshusha kiasi cha kiganja. Pumba zilikuwa zimejaa kwenye dashibodi, mapajani mwake, hadi ndani ya kitabu. Alikuwa anakohoa kile kikohozi ninachokiogopa.

Nikamtoa, tukampeleka upesi nyumbani kwa Anyosi, mbali na mashine. Akavuta dawa yake ya pumu, akanywa maji ya moto, akapata pumzi.

"Shangazi, kwa nini hukuniita?"

"Nilijua unabana mafuta, mwanangu," akasema. "Nikasema mgeni halalamikii kiti. Nikavumilia."

"Mimi nilikuona unapepea nzi."

"Nzi gani? Nzi wenyewe wangekufa mle."

Mke wa Anyosi alicheka mpaka akaweka mwiko chini. Alikuwa ametupikia wali wa mpunga ule ule, unanukia hadi barabarani, na perege wa kukaanga aliyeungwa kwa nyanya. Tulikula kama watu waliotoka gerezani. Shangazi aliongeza mara mbili, na alipomaliza akasema amepona, twende. Mimi nikaridhika. Ningekuwa mtu wa kusikia ningekagua gari pale pale.

Makambako mpaka Igowole, nyuma ya lori la mbao

Mipango ilikuwa tumpitie Igowole mama yake Neema, mzazi mwenzangu, kisha jioni tuwe Mlandege. Mama Neema ni Mhehe, analima viazi na maharage, na tangu harusi sijawahi kufika kwake. Mnajua mambo ya ukweni. Nilitaka nifike nikiwa nimenyooka, gari linameta, filta mpya.

Baada ya Makambako upepo ukawa wa baridi na gari likaanza uvivu. Nakanyaga mafuta, linaunguruma, haliendi. Nikapunguza gia. Tukiwa kwenye mlima, lori lililosheheni mbao likatupita. Shangazi akaligeukia, akalifuata kwa macho mpaka likapotea.

"Hata lile?" akauliza.

Tulipokunja pale Nyololo kuelekea Igowole, ukungu ukashuka, na vioo vikaanza kushika mvuke kwa ndani. Nikawasha feni isafishe kioo cha mbele. Feni ikanguruma, kioo kikabaki vile vile. Ikabidi Shangazi afute kwa ncha ya kitenge huku mimi nikichungulia kwenye tundu alilofuta. Nikishusha kioo nione, baridi na vumbi la pikipiki vinaingia, yeye anakohoa. Nikipandisha, sioni njia. Tukaenda hivyo, nusu macho na nusu maombi, nyuma yetu moshi mweusi.

Karibu na Igowole gari likazimika. Lilikataa kabisa kuwaka. Tukaokolewa na kwaya. Walikuwa wanatoka mazoezini, watu kama kumi na tano, wakauliza tunakwenda kwa nani, wakaweka vitabu vyao juu ya paa la gari na kuanza kusukuma. Kusukuma bila kuimba hawakuweza. Kwa hiyo niliingia ukweni nikisukumwa, kwa sauti nne, soprano wakiwa upande wangu.

Mama Neema alikuwa amesimama uani. Alipiga magoti kidogo. "Kamwene," akanisalimu kwa Kihehe.

"Kamwene, mzazi mwenzangu."

Alituuliza habari za Mbeya, za watoto, za mvua, za viazi vya kwetu, za mafua ya Lusajo ya mwaka juzi. Kwao salamu haikatwi, hata kama nyumba inaungua. Kwaya ilisubiri pale pale, mikono kwenye gari. Salamu zilipokwisha zote ndipo akatazama moshi kwa upole na kuuliza, "Na gari nayo, haijambo?"

Usiku ule tulikula ugali, maharage na mboga ya maboga, tukapewa togwa. Kila kitu kilikuwa kitamu, lakini Shangazi hakumaliza hata matonge matatu. Kifua kilikuwa kimemrudia, kinapiga mluzi. Mama Neema akasema taratibu, "Dada, afya kwanza. Asubuhi basi la Mbeya linapita barabarani."

Shangazi akaitikia kwa kichwa. "Nirudishe, mwanangu. Mtoto atabatizwa hata nisipokuwepo. Jina wameshampa."

Alilisema kwa sauti ya mtu anayeongelea habari ya viazi. Ndilo lililoniumiza. Nikatoka nje nikajifanya naangalia gari, nikalia. Ahadi niliitoa mimi, na maisha yake yote hakuna mtu aliyemwita mahali kwa ajili yake mwenyewe.

Igowole asubuhi, fundi wa suti

Ubatizo ulikuwa ibada ya pili, saa nne. Jua lilipoanza kutoka Mama Neema akaniletea fundi anayeitwa Chesko, ambaye alikuwa njiani kwenda misa ya kwanza. Suti ya kijivu, tai, viatu vinang'aa. Akavua koti, akalitundika kwenye uzio, akakunja mikono ya shati.

Akafungua boneti, akafungua kasha la ea klina, akatazama ndani, akanitazama mimi.

"Mama, hii ni filta au kiporo?"

Kwa kweli ilifanana na kiporo. Pumba za Ubaruku zilikuwa zimenasa kwenye karatasi yenye unyevu, zimeumuka, zimeshikana kama ugali uliopoa.

"Uliiosha?" akauliza.

"Niliifua."

"Uliifua," akarudia. "Mama, karatasi haifuliwi. Inagongwagongwa pole pole vumbi idondoke, au unaipuliza kwa upepo. Na unapuliza toka ndani kuja nje, ili uchafu urudi njia uliyojia. Ukipuliza toka nje unausindilia. Ikikataa, unatupa. Gari ilikuwa imezibwa pua."

Nikaitikia kama mwanafunzi. Ndani Shangazi akakohoa, na Chesko akageuza kichwa. "Na bibi naye, vumbi ameipatia wapi? Mlifungua vioo?"

"Tulifungua kwa sababu ya joto. AC haitoi hewa. Lakini filta yake ni mpya, nimeweka juzi."

Chesko akaingia upande wa abiria, akachomoa droo ya dashibodi, akaingiza vidole viwili. Nikasikia ule mlio wa nailoni. Nitausikia mpaka siku ya kiyama. Akaivuta nje taratibu, nyeupe, inameta, imefungwa vizuri pande zote.

Akatoka nayo nje kwenye mwanga.

"Nani aliweka?"

"Mimi."

"Na nailoni yake?"

"Isichafuke."

Akaigeuza, akasoma maandishi, akaigeuza tena. "Sasa mama, isipochafuka hiyo, nani achafuke?"

Nilimwona Shangazi mlangoni ameegemea mhimili, anatusikiliza, na joto la aibu likanipanda hadi masikioni. Ndipo Mama Neema, ambaye nilikuwa namwogopa safari nzima, akasema kutoka nyuma yangu, "Usimcheke mwenzako. Hata mimi redio yangu iko kwenye nailoni. Na kochi."

"Redio haipumui, mama," Chesko akasema.

Shangazi akaanza kucheka. Alicheka akashika mlango, akacheka akakohoa, akakohoa akacheka, na mimi nikaangua, na Mama Neema akaingia ndani kutoa redio tuione kwa macho. Ni yeye aliyepiga ile picha. Chesko alikubali kwa sharti kwamba avae koti kwanza, asije akaonekana hajajiandaa.

Filta ya AC akaivua nguo zake, akanionyesha mshale pembeni unaoeleza hewa inapita upande upi, akaipachika. Ea klina ilikuwa kazi, kwa sababu Jumapili asubuhi Igowole duka la vipuri halifunguliwi. Lakini shemeji yake alikuwa na gari kama langu, limelala bandani kwa ugonjwa wa gia. Akaenda mbio akarudi na filta yake, imejaa vumbi lakini kavu. Akaigonga kwenye kiganja, akaipuliza kwa pampu ya baiskeli, toka ndani kuja nje, mkunjo kwa mkunjo, mimi nikiwa nimeishika. Kisha akaiinua kwenye jua. Mwanga ukapita katikati ya mikunjo yote.

"Ikipitisha mwanga, itapitisha hewa," akasema. "Itawafikisha. Mkifika Iringa mnunue mpya, hii mnirudishie, shemeji asijue."

Gari likawaka mara ya tatu, likakohoa moshi kidogo, likatulia. Kengele ya misa ilikuwa imeshalia zamani. Chesko akanawa, akavaa tena koti.

"Misa imekupita kwa ajili yetu," nikamwambia.

"Mwambieni mchungaji wenu aniombee, niko upande wa pili, kwa padri," akasema.

Nikamgeukia Shangazi. Sikutaka kumwahidi tena kitu. Nikamwambia tu ukweli, kwamba sasa hewa inapita, na kwamba uamuzi ni wake, Mbeya au Iringa. Akaingia kwenye gari, kiti cha mbele, akafunga mkanda mwenyewe.

Mafinga mpaka Mlandege

Mama Neema alikaa nyuma na viazi, maharage, gunia la mchele na jogoo mmoja ambaye hakuna aliyekuwa ameniambia habari zake. Nilipowasha feni hewa ikaja. Baridi, safi, haina harufu ya kitu. Shangazi akaweka kiganja kwenye matundu ya dashibodi.

"Kumbe inatokea hapa," akasema. Akakiacha kiganja pale mpaka Mafinga.

Vioo vilikuwa angavu kabisa. Gari lilivuta kama limerudishiwa ujana, na nikalipita lori la mbao mlimani, nadhani si lile, lakini Shangazi alilipungia mkono hata hivyo. Baada ya Ifunda akalala. Nilikuwa namsikiliza huku naendesha. Mluzi wa kifua ukapungua, ukawa mdogo, na tulipoanza kuiona Iringa sikuusikia tena. Mama Neema naye alikuwa anasikiliza. Tulitazamana kwenye kioo, na nilijua kuanzia pale sina mkwe, nina ndugu.

Tuliingia kanisani wimbo wa pili ukiimbwa, tukiwa na pumba kwenye nguo na jogoo amebaki garini anawika. Lusajo alikuwa amesimama mbele na Neema, macho mlangoni. Alipomwona Shangazi alifunika uso kwa mikono miwili.

Neema akamkabidhi mtoto. Mchungaji akaja na maji, akauliza, "Mtoto huyu anaitwa nani?"

Shangazi akafungua mdomo, sauti haikutoka. Akaweka mkono kifuani. Mimi nikaacha kupumua, nikasema basi, limekuja. Kumbe si kifua. Akavuta hewa, ndefu, ikaingia yote.

"Subilaga," akasema.

Mchungaji, ambaye si mtu wa kwetu, akamwinamia. "Samahani, bibi?"

"Subilaga," akarudia, kwa sauti ile aliyokuwa akituitia tukiwa wadogo, inayofika mpaka shamba la jirani. Maji yakamwagwa, mtoto akalia, watu wakaitikia amina. Kisha Shangazi akamshusha karibu na uso wake, akamwambia kwa Kinyakyusa, polepole, kama hakuna mtu mwingine mle ndani, "Usilie. Sasa tuko wawili."